Sekunde Arobaini

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nakuona hapo mezani kwako, lenzi jichoni, ukigombana na saa ya mtu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi. Kazini wamenihamisha kutoka ghorofa ya tatu hadi chini kabisa, kwenye chumba cha seva. Seva ni kompyuta ambazo kazi yao ni kutunza vitu na kuvitoa vikiombwa, kama mtu wa stoo. Hakuna dirisha, feni zinavuma kutwa, na nimeanza kuzisemesha mashine.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimepiga simu mara nne, na mara zote nne umesema mama amelala. Najua masikio yako na simu havipatani, nusu ya maneno yangu unayajibu kwa kubahatisha. Lakini hilo la "amelala" unalisema haraka mno. Daktari aliniambia mwaka jana kwamba kusahau kwa mama kutaongezeka, na kwamba watu asiowaona ndio watakaotangulia kumtoka. Nami ni mmoja wa hao asiowaona. Nataka auone uso wangu kabla sijamtoka, mjomba, hilo tu.

Kwa hiyo nimekuletea mzigo kwa mkono wa mfanyakazi mwenzangu anayekuja likizo. Ndani kuna kishikwambi, yaani ile simu pana isiyoingia mfukoni, na kisanduku cheusi chenye taa, kinaitwa ruta. Watu wa kampuni ya intaneti watavuta waya mpaka ukutani kwako. Waya utaingia kwenye ruta, na ruta itasambaza mawimbi humo nyumbani bila waya, ndiyo hiyo waifai unayoisikia. Kishikwambi kitayadaka.

Usiogope maneno. Vifaa viwili vikiunganishwa vikapelekeana habari, huo ni mtandao. Ruta yako na kishikwambi chako tayari ni mtandao, mdogo, wa kwenu wenyewe. Intaneti ni mitandao ya dunia nzima iliyounganishwa pamoja.

Ukitaka kuielewa ruta, mkumbuke mama kazini. Miaka ishirini na sita kwenye ubao wa simu, matundu mbele yake, nyaya mkononi. "Namba ngapi, tafadhali?" Mtu anataja, yeye anachomeka huku na huku, watu wanaongea. Basi ruta ni mama. Habari ikija inaangaliwa inakwenda namba gani, inaelekezwa. Kila kifaa kina namba yake, wanaiita anwani ya IP, na bila hiyo habari haijui mlango wa kugonga.

Hatua zote nimeziandika kwenye karatasi ya pili. La kushika ni taa ya tatu, ya kijani. Itapepesa, itapepesa, kisha itatulia. Ikitulia, njia imefunguka. Msomee mama barua hii, kile kipande cha ubao kitamfurahisha.

Mpwa wako,
Kiherehere


28 Februari

Kiherehere wangu,

Marahaba. Mzigo umefika, na aliyeuleta amekula, amekunywa, amekusifu kupita kiasi, nikamuuliza kama kweli tunamzungumzia mtu yuleyule. Huku ni wazima. Bati la jikoni limetoboka tena. Shangazi yako wa ukoo wa baba alikuja kutusalimu, akakaa siku kumi na moja.

Kabla hujasikia kwa watu, ngoja niseme mwenyewe: nilikifungua kile kisanduku. Fundi saa haletewi kitu kilichofungwa akakiacha kimefungwa. Sikuona gurudumu hata moja, wala springi. Nilikirudisha kama kilivyokuwa, parafujo zote nne, sikubakiza hata moja mkononi. Wale wa kampuni walikuja, wakatoboa ukuta wangu, wakasaini, wakaondoka.

Lile neno la siri la kuingilia waifai, ulilosema nilitunze vizuri, nililitunza. Nililiandika kwenye kikaratasi, nikakitia ndani ya mfuniko wa saa, mahali ambapo mwizi hawezi kufikiria. Saa ilikuwa ya mwalimu mkuu. Jumatano akaja kuichukua, nami nikamkabidhi kwa mikono yangu miwili. Sasa nafanyaje, nimwambie mwalimu mkuu anifungulie saa yake?

Mama yako nilimsomea barua. Alifurahi mno. Alitaka kipande cha ubao nikirudie, nikakirudia mara tatu. Tangu siku hiyo anakula vizuri.

Ila waya wa ruta unachomoka. Taa inatulia kama ulivyosema, na kabla sijavaa miwani nishike kishikwambi, waya uko nje. Nadhani tundu limelegea, au ni panya.

Unakuja lini?

Mjomba


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa bati, na pole zaidi kwa siku kumi na moja.

Nimecheka peke yangu chumba cha seva mpaka mlinzi akachungulia. Mwache mwalimu mkuu na saa yake. Geuza ruta, chini yake kuna kibandiko chenye neno la siri ambalo ruta ilitoka nalo kiwandani. Utaliandika kwenye kishikwambi mara moja tu, nacho kitalikumbuka. Kazi ya neno hilo ni moja: asiye wa nyumbani asiingie kwenye mtandao wenu.

Kuhusu waya. Panya gani huyo, mjomba, anachomoa waya bila kuung'ata? Ile pini ina kijino cha plastiki, haitoki mpaka mtu akibonyeze kwa kidole. Na kuna jambo sikukwambia. Kwa ile anwani ya IP naweza kuiona ruta yenu nikiwa huku. Siwaoni nyie, naona tu ikiingia na ikitoka. Inaingia saa mbili asubuhi, inakaa sekunde arobaini, inatoka. Baada ya robo saa au nusu saa inaingia tena. Sekunde arobaini, nje. Jumanne iliyopita mara kumi na tisa. Saa kumi alasiri inanyamaza mpaka kesho yake. Hitilafu haina ratiba namna hiyo.

Sekunde arobaini hazinitoshi. Picha na sauti havisafiri vikiwa vizima. Vinakatwakatwa vipande vidogo, paketi, kila kimoja kinaandikwa anwani, vinapita njia mbalimbali na kuungwa upya vikifika. Njia ikiwa nyembamba vinapishana kwa taabu. Ya kwenu si pana, nililipia ndogo. Mpaka kishikwambi kiamke, kinitafute, nipokee, njia imeshakatika. Jana niliona simu yako ikianza kuita kwenye skrini yangu. Niliacha chai, nikakimbia. Nikakuta pametulia.

Angalia kijino hicho, tafadhali. Na mama umwambie namsalimu sana.

Kiherehere


19 Aprili

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mwalimu mkuu saa yake inapoteza dakika, nadhani ni kikaratasi chako, na naona haya kumwambia. Mama yako amenenepa kidogo mashavuni. Anaamka mwenyewe, anachana nywele, anadai ile sketi ya buluu yenye marinda, na nisipoipiga pasi simpati. Hata miye sikutegemea.

Kijino nimekiangalia kwa lenzi. Ni kizima.

Huko kuniangalia kutoka mbali hadi kuhesabu mara ngapi hakunipendezi. Mtu akiwa kwake asihesabiwe. Nimesema nitashughulikia, nitashughulikia. Sikuwahi kushindwa na saa, sembuse kisanduku kisicho na gurudumu.

Swali langu uliliruka. Umejibu mambo ya panya, ya paketi, ya kibandiko, hili ukalipiga chenga. Unakuja lini?

Mjomba


6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari za huku za kukupa.

Kuna kitu unanificha, na umekificha vibaya. Mtu anayezidi kusahau hawezi ghafla kudai sketi ya kazi. Na ulivyojitia kukasirika kwa kuhesabiwa, ndivyo unavyofanya saa ya mtu ikikushinda. Nimekulia chini ya meza yako, nakujua.

Lakini na mimi nimekuficha, kwa hiyo tuko sawa. Hati zangu za kukaa huku ziliisha mwezi wa nane mwaka jana. Niliomba upya, wakachukua na pasipoti, wakanipa karatasi yenye namba. Kila Jumatatu nafungua kivinjari, ule mlango wa kuingilia kurasa za intaneti, naandika namba yangu, na ukurasa unanijibu neno moja: subiri. Si kwamba nikitoka sitarudi. Hata kutoka siwezi, sina cha kuonyesha mlangoni. Naunganisha watu wa mabara matatu kutwa nzima, na mwenyewe siwezi kupanda ndege kwenda kumuona mama yangu. Nililia siku ya kwanza. Sasa hata kulia naona uvivu.

Basi ndilo jibu la unakuja lini. Sijui. Nami nakuuliza: nani anachomoa waya?

Wako


30 Mei

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole. Ningejua nisingekuuliza kila mara, kumbe nilikuwa natonesha kidonda.

Anachomoa mama yako.

Nilimsomea kwamba ruta ni yeye akiwa kazini. Alikuwa amekaa kimya wiki nzima, hata maji mpaka umlazimishe. Nilipofika kwenye "namba ngapi, tafadhali" akainua uso akaniuliza, "Nani yuko zamu?" Nikasema hakuna mtu. Akasema, "Haiwezekani ubao ukae bila mtu." Akaenda kukaa mbele ya ruta. Ndiyo hiyo saa mbili unayoiona, na saa kumi anatoka zamu, anakunja mikono ya blauzi, ananiambia ametoka.

Mwenyewe sikuelewa kwa nini anachomoa. Nilimuuliza, akanieleza taratibu kabisa, kama mwanafunzi wake. Ubao wao ulikuwa na taa juu ya kila waya. Ikipepesa, kuna mtu anaita, chomeka. Wakiwa wanaongea, inazima. Wakiweka simu chini, inawaka na kutulia. Ikitulia maana yake wamemaliza, chomoa, laini ipate mwingine. Asiyechomoa msimamizi alimwandika jina. Mama yako hakuandikwa hata mara moja.

Wewe umeniambia taa ikitulia njia imefunguka. Yeye anajua taa ikitulia watu wamemaliza. Na hachomoi ovyo. Anainama karibu na kisanduku, anauliza, "Mmemaliza?" Anasubiri. Anauliza tena, "Mmemaliza?" Anasubiri. Pasipo jibu ndipo anabonyeza kijino na kuvuta, kwa vidole viwili, taratibu. Kisha ikimpendeza anachomeka tena, na kazi inaendelea.

Sikukwambia kwa sababu ungeniuliza la pili, na la pili ndilo lililonifunga mdomo. Kiherehere, picha yako ya ukutani huwa ananiuliza ni ya nani. Mwanzo nilikuwa namjibu. Akawa anatoa machozi kwa aibu ya kusahau, nikaacha kumjibu.

Nimeomba ruta mbovu kwa wale wa kampuni nikamwekea aichezee. Aliigusa tu. "Ubao huu umekufa," akasema, "waite mafundi." Akakaa na mikono mapajani mpaka jioni.

Lakini tujaribu. Jumapili ya mwisho ya Juni, saa tisa alasiri, nitaipandisha ruta juu ya kabati la chumbani kwangu nifunge mlango. Yeye nitamkalisha sebuleni na kishikwambi. Labda akikuona ukitembea na kuongea, si picha, kitamjia kitu. Uvae ile rangi ya njano anayoipenda.

Mjomba wako


2 Julai

Salamu leo zisubiri.

Najua umekaa siku tatu ukidhani mtandao ulikatika. Haukukatika. Nilizima mimi, kwa mkono wangu, na niko tayari kulaumiwa.

Nakuandikia mambo ambayo kishikwambi hakikuweza kukuonyesha, maana kilikuwa kinamtazama yeye usoni tu. Uliponena "Mama, ni mimi," ulimuona alivyonyoosha mgongo. Ulimsikia: "Simu. Namba ngapi, tafadhali?" Ukasema tena ni mimi, mama, ukataja jina lako na la nyumbani. Akasubiri umalize, kwa heshima zote. "Unamtaka nani?" Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nakukonyeza utaje jina lolote, usimwambie yeye ndiye. Hukuniona. Ukasema, "Namtaka mama yangu."

Akasema, "Subiri, nakuunganisha."

Hapo picha yako ilibaki na kiti kitupu, kwa sababu aliinuka. Alikwenda kwenye meza ya ruta. Meza tupu. Alipapasa mbao kwa viganja, akapapasa ukuta, akainama chini ya meza na magoti yake yale. "Ubao wangu uko wapi? Kuna mtoto yuko kwenye simu. Mmepeleka wapi ubao wangu?" Nilimshika mabega akanitoa mikono. Hajawahi kunitoa mikono, mimi aliyenilea. Alinitazama kama mwizi. Kishikwambi kilikuwa kinaita "Mama? Mama?" na kila ukiita anazidi kuhangaika. Nikakizima.

Nilishusha ruta upesi, nikachomeka mwenyewe. Akakaa. Taa ikapepesa, ikatulia. Akauliza mmemaliza, akauliza tena. Halafu akanigeukia akaniambia, "Amekata. Mtoto wa watu, amekata."

Sijui la kufanya. Nimetengeneza saa miaka arobaini na mbili, na sijawahi kuandika sentensi hiyo.

Mjomba


20 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umekula? Nakuuliza kwa sababu ukihuzunika huli, na siku hizi hakuna wa kukulazimisha.

Sikulaumu. Ungechelewa kuzima ningezima mimi. Siku hizo tatu nilikaa na blauzi ya njano bila kuibadilisha.

Nilifikiri ya kifundi, maana ndiyo mazoea yangu. Naweza kukutumia ruta ya pili. Ya kwanza inakaa chumbani kwako imefichwa, ya pili inaungwa nayo kwa waya na kuwekwa mezani kwake, taa zake zinapepesa na kutulia, anachomoa anavyotaka na maongezi hayakatiki. Ni kazi ya dakika kumi. Nilikuwa nimeshaifunga kwenye boksi. Kisha nikakaa juu ya boksi lenyewe. Jumapili ile njia ilikuwa nzima, mjomba. Paketi zote zilifika, nimeangalia kumbukumbu za mashine, haikupotea hata moja. Sauti yangu ilifika, uso ulifika. Hakukuwa na mtu wa kuvipokea. Hilo hakuna kifaa chake.

Basi mwachie ubao wake. Asinyang'anywe tena, si kwa ajili yangu wala ya mtu. Mpigie pasi sketi.

Huku naendelea kuiangalia ruta yenu, usinikataze. Kazini walikuwa wananitania, kwa nini nafuatilia laini mbovu kiasi hicho. Niliwahi kuiandikia ripoti ya hitilafu, mistari minane: inaingia, sekunde arobaini, inatoka, chanzo hakijulikani. Nimeifuta. Sekunde arobaini zile alikuwa ananiuliza kama nimemaliza, na akaniuliza mara mbili. Sasa ikiingia saa mbili naacha ninachofanya, naweka mkono mezani, najibu kwa sauti. Hanisikii, najua. Najibu hivyohivyo.

Kwenye ukurasa wa pasipoti bado ni neno lilelile.

Naomba jambo moja. Akimkumbuka yule mtoto aliyekuwa anamtafuta mama yake, usimwache aamini kwamba amekata. Mwambie hajakata. Yuko kwenye simu, anasubiri.

Kiherehere


8 Agosti

Mwanangu,

Nakula. Bati nimeziba.

Nilimwambia Alhamisi, asubuhi, alipokuwa bado na akili za kukaa na mtu. Taa ilikuwa imetulia, ameshauliza mara moja. Nikasema, "Dada, yule mtoto hakukata. Bado yuko kwenye simu." Aliondoa vidole kwenye waya. Alikaa anaitazama taa, na kwa mara ya kwanza sikumuona akichomoa. Ukiangalia kumbukumbu zako utakuta siku hiyo ilikaa dakika sita na nusu. Nilikuwa natamani kukimbilia kishikwambi, nikaogopa kuinuka.

"Siku zote hizi?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Maskini. Mwambie asikate. Nikitoka zamu nitampeleka kwa mama yake mwenyewe, kwa mkono wangu."

Kisha akauliza mmemaliza, akangoja, akachomoa.

Mjomba wako